Ndiga Aliyokula Celso

Panglao, 3 Juni 1996

Inday Vida,

Nimekuficha jambo kwa miaka thelathini na minane, nalo linahusu ile ndiga, kile kiazi cha mwitu kilichomuua ndugu yako Celso. Nimeliandika kwanza, kabla ya salamu, kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Sasa salamu. Sisi tupo, tunashukuru. Mwanangu Bening bado anawapeleka wazungu kuzamia kwenye matumbawe. Mkewe Charito bado ananipikia na bado ananigombeza. Mguu wangu wa kushoto umevimba tena. Daktari wa Tagbilaran, kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma, ameniambia kwa heshima zote kwamba moyo umechoka. "Mwalimu, tuseme mpaka Krismasi," alisema. Nikamwambia Krismasi yetu sisi huanza Septemba, basi anieleze anakusudia mwanzo wake au mwisho wake. Akacheka, kisha akainamisha kichwa.

Tangu mrudi Toronto, wewe na binti yako Marisol, meza imekuwa kubwa mno kwetu. Charito alikuwa ameapa kwamba mtoto wa Kanada hatagusa chakula chetu. Sasa anawasimulia majirani hadithi nyingine. Unakumbuka siku ya kwanza, nguru mbichi kwenye bakuli, na siki ya tembo la mnazi, tangawizi, pilipili na tui?

"Lolo, huyu samaki hajapikwa," Marisol akaninong'oneza mimi babu yake.

"Siki imempika. Kula."

Akala bakuli tatu. Charito akamwuliza, "Wewe mtoto, huko kwenu wanakulisha nini, theluji?" Na siku alipoangusha kiazi kikuu sakafuni, nyumba nzima ikamkodolea macho mpaka akakiokota, akakiomba radhi na kukibusu kama tunavyofanya sote tangu utotoni, akainuka na vumbi midomoni. Miaka kumi na sita, na hakuona haya. Nilimpenda kwa hilo. Asubuhi alikuwa wa kwanza mezani kwa samaki tasi wakavu na wali wa kukaanga, na alasiri akamaliza mwani wote kabla sijafika. Na wewe, Vida, ulikula kwa mkono, ukachovya wali wa nata kwenye chokoleti, ukacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chako tangu ukiwa na miaka minane.

Kisha ikaja siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu, na jirani akaleta sahani ya ndiga iliyokunwa na kupikwa kwa nazi na sukari. Siku hizi ni kitamutamu cha sherehe. Vijana wanaiita kayos kwa mapenzi, hawajui kwamba sisi tuliila pale tu ambapo hapakuwa na kitu kingine. Marisol akanyoosha mkono. Ukamnyang'anya sahani, ukasema mbele ya wageni wote: "Hiki ndicho bibi yako alichompikia mjomba wako. Alishindwa kuhesabu siku tatu." Ukatoka nje. Charito akasema, "Haya, nani hajapata kuku?"

Nilikuwa nimekaa kando ya kiti chako. Sikusema neno.

Mama yako, dada yangu Felisa, yuko kwa masista kule Dumaguete, bado anapiga pasi vitambaa vya madhabahu. Sista Konsolasyon anaandika kwamba kikohozi hakimwachi. Ulikuwa karibu naye kuliko ulivyopata kuwa kwa miaka mingi, safari ya meli ya asubuhi moja, na hukwenda. Mwandikie, Inday, binti yangu. Angalau mistari miwili.

Kuhusu jambo lile, nimelianza. Mkono umechoka. Nitalimaliza katika barua ijayo.

Tiyo wako,
Eleuterio


Toronto, 30 Juni 1996

Tiyo Teryo,

Nauchukua mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, kwa salamu ya heshima. Marisol naye anafanya hivyo, ingawa ameniuliza inawezekanaje kwa barua. Sisi wazima. Kazini nimehamishiwa wodi ya wazee, nao kila siku wananikumbusha wewe, isipokuwa wao hawana mzaha.

Marisol anakula huku ananung'unika. Alinunua samaki wa barafu na siki ya dukani akajaribu kutengeneza kile cha Charito. Akaonja, akaweka uma chini, akasema, "Mama, huyu amekufa mara mbili." Anataka kurudi mwakani. Anasema hakujua kwamba chakula kinaweza kuwa na ndugu zake, maana yake kila sahani ilikuja na mtu wa kumwambia imetoka wapi na nani aliivua.

Sasa nijibu. Barua yako ilianza na jambo na haikulimaliza. Kama ni jambo la kumtetea mama, usilimalize.

Siku ile nilikuwa kwa bibi mzaa baba, unakumbuka. Niliporudi asubuhi, Celso alikuwa kwenye mkeka, midomo imekauka, amevalishwa shati lake la kanisani. Mama alikuwa ameegemea ukuta, bado anatapika, na kila aliyeingia alimwambia maneno yaleyale: "Nilikosea siku. Nilikosea siku." Alimwambia padri. Alimwambia baba aliporudi kutoka baharini. Hakuna mtu aliyemshtaki, Tiyo. Alijishtaki kwa kinywa chake mwenyewe.

Mimi ni muuguzi, najua kukosea. Simchukii kwa kukosea. Baba aliponichukua kwenda Mindanao, mama alisimama ufukweni na hakuchukua hata hatua moja. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Mwanamke aliyebakiwa na mtoto mmoja alimwachia mtoto huyo aende, kana kwamba alikuwa analipia kitu. Na kwa miaka mingi baba alionja kila tonge kabla sijalitia mdomoni. Nimekulia kwenye meza ya namna hiyo.

Sikumwandikia, na sitamwandikia.

Wewe ndiye uliyekuwa ukiniandikia nikiwa Mindanao. Wewe ulinitafutia nafasi ya chuo cha uuguzi. Katika ukoo wetu wote hakuna mwingine ambaye sijawahi kumtilia shaka. Basi pumzika, kula vizuri, usijichoshe na makaburi ya zamani.

Mpwa wako,
Vida


Panglao, 9 Agosti 1996

Inday Vida,

Nisamehe kuchelewa. Tufani ilizuia meli karibu wiki nzima, kisha nikalazwa Tagbilaran siku kumi na moja. Charito alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu na kupigana na wauguzi kuhusu chakula. "Huu uji wenu hata paka wangu angeurudisha jikoni," aliwaambia, kisha akaniletea mchuzi wa mlonge na pono ndani ya chupa ya chai. Nilimwambia muuguzi mkuu kwamba nina mpwa muuguzi Kanada. Akanijibu, "Kila mgonjwa hapa ana mpwa muuguzi Kanada, Mwalimu. Ndiyo maana mmebaki na mimi."

Nimerudi nyumbani. Nakojoa kwa dawa na kulala nimekaa.

Barua yako niliisoma hospitalini. Mstari ule kwamba hujawahi kunitilia shaka niliusoma, nikaikunja karatasi, na sikuifungua tena mpaka jana.

Nitajaribu. Ulikuwa mdogo, labda huukumbuki vizuri mwaka ule. Mvua ilikosekana tangu Novemba. Mahindi yalikauka kabla ya kutoa ndevu. Tulikula mihogo ikaisha, tukala viazi vikuu vya mbegu, na mtu wa kwetu Bohol akila mbegu ya kiazi kikuu ujue amekata tamaa. Kisha tukapanda kwenye majabali kuchimba ndiga.

Unaijua kazi yake, lakini niache niiandike. Inamenywa, inakatwa vipande vyembamba kama karatasi, inatiwa kwenye kikapu, kikapu kinashindiliwa mawe na kuzamishwa pwani ili maji yajae na kupwa juu yake siku tatu kamili. Kila nyumba ilifunga kitambaa chake kwenye mpini ili mtu asichukue cha mwenzake. Chetu, mimi na mama yako tukiwa nyumba moja, kilikuwa chekundu, na kijiji kizima kilikijua. Anayekitoa kikapu ndiye mwonjaji. Anaweka kipande ulimini na kusali Baba Yetu mara tatu, polepole. Ulimi ukiwasha, kikapu kinarudi baharini. Usipowasha, anasema "ni tamu," na baada ya hapo haulizwi mara ya pili. Kumwuliza mara ya pili ni kumwambia usoni kwamba unamdhania muuaji.

Mimi ndiye niliyekipeleka kikapu baharini siku ya Jumatatu. Nilikipeleka watu wakiwa bado wamelala, kwa sababu niliona haya. Nilikuwa mwalimu mwenye viatu, nasubiri kufanywa mkuu wa shule, na wanafunzi wangu waliamini kwamba nyumbani kwetu tunakula wali. Mama yako alinicheka. "Kaka, tumbo la mwalimu nalo linanguruma kama yetu," alisema. "Au lako linanguruma kwa Kiingereza?"

Hapa naishia. Kifua kinabana.

Sista Konsolasyon ameandika tena. Felisa ana maji kwenye mapafu. Sista ni mtu wa kupima maneno, na amesema hadhani atafika Desemba. Anasema jambo jingine ambalo sikulijua: kwa miaka yote aliyokaa nao, Felisa hakupata kumpikia mtu yeyote. Anafua, anapiga pasi, anapanga maua. Wakimwomba ashike zamu ya jikoni, anapiga magoti na kusugua sakafu badala yake.

Tiyo wako,
Eleuterio


Toronto, 1 Septemba 1996

Tiyo,

Mkono wako kwenye paji langu. Tuko salama, Marisol ameanza shule, mengine nitayaacha.

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nikaisoma tena kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo. Umeniambia ulikipeleka kikapu. Hukuniambia nani alikitoa.

Maisha yangu yote nimedhani ni mama, kwa sababu yeye mwenyewe alisema alikosea siku. Lakini wewe umeandika kwamba anayekitoa ndiye mwonjaji, na kwamba wengine hawamwulizi. Kama mama hakukitoa yeye, basi hakukosea siku yoyote. Basi alisema vile kwa sababu gani? Na kama ni yeye aliyekitoa, akaonja na kusema ni tamu, basi mambo yako kama nilivyoyajua.

Nina wiki mbili za likizo zilizobaki. Msimamizi anataka jibu kabla ya tarehe kumi Oktoba. Nikiondoka tarehe kumi na mbili nitakuwa Dumaguete tarehe kumi na nne. Niambie neno moja tu, nani alikitoa kikapu? Usinihurumie wala usimhurumie yeye. Nitaamini utakachosema, kama nilivyokuamini siku zote.

Vida


Panglao, 20 Septemba 1996

Inday Vida,

Salamu kutoka kwetu sote. Barua yako imefika jana, mapema kuliko kawaida, na nakujibu upesi ili ikuwahi. Bening ataipeleka mwenyewe posta kuu.

Hapa tumekuwa na sherehe. Jumamosi iliyopita wameipa maktaba mpya ya shule jina langu. Walinibeba kwenye kiti, wanaume wanne, wote nimewahi kuwachapa. Nguruwe wawili walichomwa, ngozi inakatika kama kigae. Charito alinifunika blanketi akaniambia sikioni, "Baba, usife leo, nguruwe bado hajaiva." Watoto waliimba. Mtu wa idara ya elimu alisema kwamba kwa miaka arobaini na moja Mwalimu Fudalan hakupata kusema uongo mbele ya ubao. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Nilikula kipande kidogo cha ngozi na kijiko cha wali. Jina liko juu ya mlango, kwa rangi ya bluu. Ukiwa baharini unaliona.

Umeuliza nani alikitoa kikapu.

Mama yako ndiye aliyekitoa.

Nisamehe kukutia wasiwasi. Jambo nililolificha lilikuwa ile haya yangu tu, ya kukipeleka kikapu kwa kujificha. Mzee mgonjwa hulikuza jambo dogo. Usijisumbue na safari.

Tiyo wako,
Eleuterio


Toronto, 8 Oktoba 1996

Tiyo,

Mkono wako kwenye paji langu, na hongera kwa maktaba. Marisol amelia kwa furaha. Anataka picha ya mlango.

Nashukuru kwa kuniambia ukweli. Nimemjibu msimamizi kwamba sitachukua likizo.

Nitakuambia jambo kisha tulifunge. Kwa wiki hizi chache nilikuwa nimeanza kumkumbuka mama kwa namna nyingine. Nilimkumbuka akifunga wali wa nata kwenye majani ya mnazi, akinifundisha kukunja ncha, akisema, "Kaza, Vida, huyu si mgonjwa, hataumia." Sikuwa nimeikumbuka sauti yake tangu tuondoke. Nilimnunulia sweta ya sufu, sijui kwa nini, Dumaguete hakuna baridi. Nimempa jirani.

Sista Konsolasyon alipiga simu mara mbili. Nilimwambia Marisol aseme niko kazini.

Marisol anaomba umwandikie kipimo cha siki na tangawizi kwa yule nguru. Anasema Charito alimjibu "mpaka itoshe," na hilo halimsaidii.

Vida


Panglao, 3 Novemba 1996

Inday Vida,

Telegramu niliyokutumia ilikuwa na maneno machache: Felisa amefariki tarehe kumi na saba. Hukuijibu, nami sikutarajia.

Jana ilikuwa siku ya marehemu. Bening alinibeba mgongoni mpaka makaburini. Watu wamewasha mishumaa, wameweka wali, samaki na sigara juu ya mawe kama kawaida, watoto wanakusanya nta. Charito alitaka kuweka sahani kwenye kaburi la Celso. "Marehemu alipenda nini?" aliniuliza. Nikasema sijui. Alikuwa na miaka minne. Alipenda kila kitu. Mwaka ule hakukuwa na kitu.

Hii si barua ya kuomba msamaha. Nilifundisha watoto kwa miaka arobaini na moja, na kila aliyeniomba msamaha kabla ya kueleza alichokifanya nilimrudisha akaanze upya. Basi naeleza.

Jumatatu nilikizamisha kikapu. Jumanne mkuu wetu wa shule akatutangazia kwamba mkaguzi anakuja Jumatano, atakagua madarasa asubuhi na kutembezwa pwani alasiri, kwa miguu, pamoja na walimu wote. Mahali pa vikapu ni palepale pa kupita. Vyeti vyangu vyote vilikuwa mezani kwa mkaguzi huyo, nami nikajiona nimesimama kando yake, maji yamekupwa, kitambaa chetu chekundu kiko juu ya mchanga, na mwalimu mwenzangu anacheka na kusema, "Ah, hicho ni cha kwa akina Fudalan." Jumanne jioni nikaenda pwani. Nikakitoa kikapu. Ilikuwa siku ya pili.

Nilisema ndani yangu kwamba nitakirudisha Jumatano mkaguzi akishaondoka. Nikakificha nyuma ya nyumba chini ya majani ya mgomba. Jumatano niliondoka asubuhi. Mama yako alikiona, akaja akanikuta njiani na Celso amembeba kiunoni. Mtoto alikuwa amelala kwa njaa, kichwa kinaning'inia.

"Kaka, umeshakitoa?"

"Nimekitoa."

"Siku tatu zimetimia? Mimi kichwa changu hakihesabu tena."

Vida, alikuwa mwanamke asiyejua tena ni siku gani kwa sababu alikuwa hajala. Mimi nilikuwa nimevaa tai. Nyuma yangu walikuja walimu wawili, na sikutaka wasikie mazungumzo ya ndiga. Nikamwambia, "Ni tamu," nikaendelea na safari.

Sikuwa nimeonja. Sikuweka kipande ulimini, sikusali hata Baba Yetu moja. Naye hakuniuliza mara ya pili, kwa sababu watu wetu hawaulizi. Alimpa Celso kwanza, bakuli lililojaa, kwa sababu mtoto ndiye aliyekuwa na njaa zaidi. Yeye akala kilichobaki, na ndiyo maana alipona. Mimi mchana huo nilikuwa mezani kwa mkaguzi nikila wali na kuku, na wali huo ulikuwa mtamu, naukumbuka mpaka leo.

Niliporudi alikuwa anatapika na mtoto ameshakuwa baridi. Akanitazama. Alijua palepale. Hakulia. Alisema tu, "Hukuonja."

Niliufunga mlango nikapiga magoti. Nilimwambia kwamba baba yetu na mama yetu wanategemea mshahara wangu, na wadogo zetu wawili wako shule Cebu kwa mshahara huohuo. Nilimwambia mwalimu aliyemuua mtoto hatafundisha, na wote watakula mawe. Nilimwambia yeye ni mama, na hakuna anayemfunga mama kwa kukosea. Nilizungumza vizuri, Vida. Nimesoma. Nilimwambia aseme kwamba alikosea siku.

Aliuweka mkono juu ya tumbo la Celso kana kwamba bado linapumua. Kisha akasema atasema, kwa sharti moja. Wewe ukitimiza miaka kumi na minane, nikuambie mimi mwenyewe. "Wengine wafikiri watakavyo," alisema. "Vida ajue." Nikaapa mbele ya maiti ya mwanawe. Baba yako alipokuchukua, mama yako alibaki amesimama ufukweni kwa sababu alikuwa na ahadi yangu. Alikuwa anahesabu miaka kumi.

Ulitimiza miaka kumi na minane mwaka 1968. Nilikuwa mkuu wa shule. Nilikutumia kamusi.

Miaka ile mama yako aliniandikia mara moja kila Krismasi, na kila mara aliniuliza kwa neno moja, "Umeshamwambia?" Nilimjibu kwamba uko kwenye mitihani. Kisha kwamba umeolewa karibuni, tusikuvuruge. Kisha kwamba una mimba. Kisha kwamba Kanada ni mbali na barua hupotea. Mwishowe akaacha kuuliza, nami nikaona ni nafuu.

Mwezi Septemba uliniuliza swali lenye jibu la neno moja, na neno hilo lilikuwa jina langu. Rangi ya jina hilo ilikuwa bado haijakauka mlangoni. Nikaandika la mama yako. Barua hiyo haikuandikwa na kijana mwenye hofu ya kufukuzwa kazi. Iliandikwa na mzee ambaye hana cha kupoteza isipokuwa ubao wa jina. Nimejaribu kutafuta tofauti kati ya yule wa Jumanne na huyu wa Septemba. Hakuna.

Bening alinipeleka Dumaguete kuzika. Masista walikuwa wamemvalisha vizuri. Sista Konsolasyon alinikalisha kwenye benchi la jikoni, akanipa kikombe cha chokoleti, na kwa upole wake wa kupima maneno akaniambia jinsi miezi ya mwisho ya Felisa ilivyopita. Tangu Juni, kila siku ya meli, Felisa aliomba aoshwe na kuchanwa nywele, na kiti chake kielekezwe mlangoni. Alikaa hivyo mpaka abiria wote wapite na mlango ufungwe. Alipokuwa hawezi tena kukaa, alilala ameelekea upande huo. Wiki ya mwisho aliomba kitanda kigeuzwe, kiutazame ukuta.

"Tulijaribu kumwambia binti yuko mbali, ana kazi," Sista alisema. "Akasema, 'Hapana, Sista. Sasa anajua. Kama anajua na haji, basi ana sababu.'"

Sista akaniuliza kama nafahamu ulikuwa unajua nini. Nilikunywa chokoleti. Sikumjibu yeye. Nakujibu wewe.

Tarehe tatu Juni, baada ya kutia barua yako ya kwanza kwenye bahasha, nilimwandikia Felisa nyingine, fupi, kwa sababu nilitaka angalau mtu mmoja anione mwema kabla sijafa. Nilimwandikia kwamba nimetimiza ahadi, kwamba nimekueleza yote, siku ya pili, ulimi wangu na kila kitu. Mama yako amekufa akiamini kwamba ulijua, na hukuja.

Eleuterio